Kizimwi wa Sita

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata funda moja la chai, mama yangu alipiga magoti pale mlangoni tunapovulia viatu, akavipangusa viatu vya mdogo wangu Haruomi kwa kitambaa kibichi. Kimoja, kisha cha pili. Halafu akavigeuza vyote viwili ncha zitazame nje, kama tunavyomgeuzia viatu mgeni anayetaka kuaga, ili asihangaike. Vilikuwa viatu vyeusi vya shule. Mwenye viatu hakuwa amevigusa kwa miaka mitatu na miezi miwili, au sisi tulidhani hivyo.

Ilianza mwezi wa Juni. Haruomi alikaa pale pale mlangoni, akavaa kiatu cha kulia, akabaki ameshika cha kushoto mkononi mpaka saa sita mchana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shule yake ni ile inayobandika majina ukutani kwa kufuata alama, na jina lake lilikuwa limeshuka kutoka juu kabisa hadi pale ambapo watu huacha kusoma. Saa sita akakivua kile kimoja, akapanda ghorofani, akaufunga mlango wake wa kutelezesha. Mama alidhani ni homa.

Sisi jambo kama hilo hatulisemi. Jirani akiuliza, "Haruomi hajambo?" unajibu, "Hajambo, yupo," kisha unalalamikia joto. Jioni unaweka sinia la chakula mlangoni kwake. Asubuhi unalikuta tupu. Mwaka wa kwanza, kaka yake Mama alikuja kutoka Okayama mjini akajaribu kuufungua mlango kwa bega. Haruomi alijigonga kichwa ukutani huko ndani mpaka tukaona damu kwenye taulo alilolitoa baadaye. Tangu hapo hakutoa sauti kwa miezi minane. Hakuna aliyeugusa mlango ule tena.

Mimi nilikuwa na deni kwake ambalo halilipiki. Nilimzaa Nazuna nikiwa na miaka kumi na minane, shule nimeiacha. Nilipojiandikisha masomo ya jioni, Haruomi ndiye aliyekuwa akimbeba mtoto mgongoni kila siku mpaka nirudi, huku akisoma vitabu vyake amesimama, kwa maana akikaa tu mtoto analia. Cheti changu nilikipata hivyo. Kimesimama juu ya mgongo wake.

Basi kiangazi hiki Nazuna, sasa ana miaka saba, alipewa na binamu yake kimashine cha gemu kilichochakaa, ndani yake mchezo wa vizimwi. Unazurura msituni na vijijini, unawakamata vizimwi wa kila aina, wa moto, wa maji, wa mawe, unawalea, unawapiganisha. Unaweza kuwa nao mia mbili, lakini unaotembea nao ni sita tu. Waliobaki unawatia sandukuni.

Kwetu Tsuyama mwezi wa saba joto halina huruma. Sehemu pekee yenye ubaridi ni ule ujia wa ghorofani, kwa sababu dirisha la nyuma linaleta upepo wa mtoni. Nazuna akawa anajilaza pale kwa tumbo, miguu hewani, mbele ya mlango wa mjomba wake, akitangaza mchezo wake kwa sauti. Sikumkataza. Siku moja nilikuwa chumba cha pili nikikunja nguo nikasikia sauti ya kiume.

"Huyo utamuua bure."

Nguo ilinidondoka.

Nazuna akainua kichwa. "Nani?"

"Huyo wa moto. Adui yako ni wa maji. Mtoe."

"Nimtoe nimweke nani?"

"Una nani mwingine?"

"Nina Potaru."

"Potaru hafai kitu."

"Na wewe je unafaa nini? Hata uso huna!"

Nikajiziba mdomo. Kisha kikatoka kicheko kifupi, kikavu, kama mtu anayekohoa vumbi la stoo. Mama alikuwa chini jikoni anamenya tango. Nilipomshukia na kumwambia, kisu kilisimama, akanitazama tu, halafu akaendelea kumenya polepole sana, kana kwamba sauti ya kisu ingemtisha mtu.

Kesho yake, sinia lilirudi na karatasi. Nyuma ya tangazo la duka la vyakula, Haruomi alikuwa ameandika kwa herufi ndogo ndogo majina ya vizimwi sita wenye nguvu kuliko wote, kila mmoja na tarakimu zake: uhai, nguvu, ulinzi, kasi. Chini aliandika: *Usimpe jina kizimwi kabla hujajua kasi yake.*

Hilo ndilo lililowagombanisha mwezi mzima. Haruomi alimfundisha kuangua mayai. Unaangua thelathini, unachagua mmoja aliyezaliwa na kasi, ishirini na tisa unawatia sandukuni. Nazuna aliangua thelathini, akawapa wote majina.

"Nimekuambia usiwape majina!"

"Sasa nitawaitaje chakula kikiwa tayari?"

"Hawali, Nazuna. Ni tarakimu."

"Hata Bibi anasema wewe huli vizuri, na una jina."

Nilikuwa nikisikiliza kutoka ngazini na sinia mkononi, sithubutu kupanda. Waligombana kama watu waliopangwa kugombana tangu kuumbwa. Na kila jioni karatasi ilikuja ndefu kuliko ya jana.

Wiki ya sikukuu ya wafu, tulipokuwa tumekwenda makaburini kumwagia maji kaburi la baba, Nazuna aliliona tangazo kwenye mtaa wa maduka wenye paa. Duka la vitu vya kuchezea, ambalo ni miongoni mwa machache ambayo bado hayajafungwa na kuteremshiwa mabati, lilikuwa linaandaa shindano la vizimwi Jumapili ya mwisho ya Agosti. Jozi jozi: mtoto wa shule ya msingi na mtu mzima wa nyumba moja. Timu moja, vizimwi sita. Majina yaletwe dukani kabla ya Jumamosi saa kumi na moja jioni.

"Nitakwenda nawe," nilimwambia. "Nitaomba ruhusa kazini." Mimi hupakia milo ya kubeba kwenye visanduku, katika duka la karibu na stesheni.

Nazuna alinitazama kwa huruma. "Mama, wewe hujui hata nani ni wa maji."

"Nitajifunza."

"Nina mtu tayari," alisema, akatangulia njiani.

Jioni ile ile, wakati Nazuna yuko bafuni, Mama aliweka kijitabu mezani mbele yangu. Karatasi yake ilikuwa nzito, ya kung'aa. Juu palikuwa na picha ya vijana wakilima kabichi wakicheka. Kilikuwa cha kampuni fulani ya huko mbali, inayowatoa watu waliojifungia. Wanakuja na gari jeupe, watu wanne. Mlango wanauondoa kwenye reli zake. Wanamchukua mtu, wanamlaza kwenye bweni lao mkoa mwingine, wanamrudisha akiwa amepona.

"Nimeshazungumza nao," Mama alisema. "Jumatatu. Saa tatu asubuhi."

"Jumatatu ipi?"

"Ile baada ya shindano lenu."

"Mama, watamburuta."

"Wanasema hawaburuti. Wanaongea naye."

"Kuongea kunahitaji wanaume wanne?"

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Kozue, nina miaka sitini na mbili. Nikianguka bafuni kesho nisiinuke, nani atamwekea sinia? Wewe? Akiwa na miaka arobaini? Hamsini? Wewe utakuwa na wajukuu, bado unapanda ngazi na sinia?"

"Unakumbuka lile taulo?"

"Nalikumbuka. Nililifua mimi."

Feni iligeuka kwake, ikageuka kwangu.

"Akitoka Jumapili?" nikasema. "Akitoka mwenyewe, kwa miguu yake?"

"Na asipotoka?"

Mama akakirudisha kijitabu kwenye droo ya vijiko, akaifunga taratibu. "Basi itabaki Jumatatu," alisema.

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Sijui alisikia nini huko juu. Sikumwambia kitu, niliogopa kwamba kumwambia ni kumsukuma, naye mtu wa kusukumwa hakuwa. Wala sikumwambia Nazuna. Mtoto hapaswi kubebeshwa mtu mzima mgongoni, ingawa mimi niliwahi kumfanyia hivyo mtoto mwingine.

Jumatano ya wiki ya shindano wakabaki na nafasi moja. Watano walikuwa wamekwisha kuchaguliwa: joka la mawe, kunguru wa radi, na wengine watatu ambao hata majina yao yananiogopesha. Haruomi alitaka wa sita awe papa wa barafu, aliyekuwa na kasi ya kutisha. Nazuna alimtaka Potaru.

Nimpe Potaru haki yake. Ni kimulimuli, bawa moja limepinda. Ndiye anayekutana nawe mwanzo kabisa wa mchezo, na kila mchezaji humtupa baada ya siku mbili. Uhai wake mdogo, ngumi yake haimsumbui hata konokono.

"Mweke sandukuni," Haruomi alisema kutoka ndani.

"Sitaki."

"Akiingia atakufa zamu ya kwanza. Unataka afe?"

"Sandukuni kuna giza."

"Hakuna giza. Hakuna kitu. Wanakaa tu."

"Wanakaa mpaka lini?"

"Mpaka utakapomhitaji."

"Na nisipomhitaji?"

Nilikuwa nimefika juu ngazini. Nilimwona mwanangu ameketi, magoti amekumbatia, anautazama mlango ule kama anayetazama mtu usoni.

"Mjomba," alisema, si kwa ujeuri, alitaka tu kujua. "Wewe nani alikutia sandukuni?"

Nilimvuta mkono nikamshusha chini. Nilimfokea, na mimi sifoki. Alilia kwa mshangao, kwa maana hakujua kosa lake, na mimi nilipotafuta namna ya kumweleza kosa lake sikuliona.

Jioni ile sinia halikuguswa. Nilipika wali na mchuzi wa binzari, chakula alichokipenda tangu utotoni, ukaganda utando juu. Alhamisi halikuguswa. Ijumaa alikunywa chai baridi ya shayiri tu. Hakukuwa na karatasi. Nazuna alijilaza ujiani bila kuwasha kimashine, akaongea na mlango kwa sauti ya chini. "Mjomba, basi, tumchukue papa. Mjomba, nimesema tumchukue papa." Mlango ulikuwa mlango.

Mama alishuka na sinia la Ijumaa, akamimina tambi za baridi kwenye takataka. "Unaona," alisema. Aliiangalia kalenda, na mimi niliiangalia, Jumatatu imezungushiwa duara dogo la penseli, dogo sana, kama linaloona haya.

Jumamosi saa kumi na robo alasiri nilikuwa narudi kutoka kazini nikamkuta Nazuna amesimama kwenye ngazi ya chini, karatasi mkononi. Ilikuwa imesukumwa chini ya mlango.

Nilisoma nikiwa na kofia ya kazini bado kichwani. Majina sita. Wa kwanza hadi wa tano walewale. Wa sita, kwa herufi zilizokandamizwa mpaka karatasi imetoboka kidogo: *Potaru.* Chini yake: *Huyu aingie wa mwisho. Hatapiga mtu. Kazi yake ni kusimama zamu moja, ili joka la mawe lipate kupona. Nimehesabu. Akipewa ule mkufu wa gome la mti unaokinga, zamu moja ataiweza. Zamu moja inatosha.*

Na chini kabisa, kando ya maneno *mtu mzima wa nyumba*, palikuwa na jina lake lote, ukoo na jina, kwa mwandiko wa mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza.

Tulikimbia mimi na Nazuna hadi dukani. Tulifika saa kumi na nusu.

Jumapili, saa tatu na robo asubuhi, mlango wa juu ulitelezeshwa. Nilikuwa namfunga Nazuna nywele; mikono ikasimama. Tulisikia ngazi moja, ya pili. Akapumzika. Ya tatu.

Nitasema nilichokiona. Mtu mrefu. Mrefu kuliko baba alivyokuwa. Nywele zimefika mabegani, amezifunga kwa mpira wa kufungia karatasi, uso mweupe kama ndani ya tango. Alikuwa amevaa shati la baba. Hakututazama. Nazuna alimtazama kuanzia chini hadi juu akasema, "Kumbe uso unao," naye akasema, "Kidogo," na sauti yake bila mlango ilikuwa nyembamba zaidi.

Mama alikuwa tayari amepiga magoti mlangoni. Viatu vilikuwa vimepanguswa, vimegeuzwa, vinang'aa. Miaka mitatu na miezi miwili alikuwa akiingojea asubuhi hii.

Haruomi akakaa. Akaingiza mguu wa kulia. Haukuingia.

"Legeza kamba," Mama alisema. Akazilegeza mwenyewe. "Sukuma." Akachukua kile kijiko kirefu cha kuvalia viatu, akakitia nyuma ya kisigino, akakaza. "Sukuma, mwanangu, ngozi imekauka tu, sukuma." Kisigino kilikuwa kimekaa juu ya ukingo wa kiatu kama yai juu ya kikombe kidogo. Niliona mdomo wa Mama umeanza kupinda. "Vinaingia. Vilikuwa vinakutosha. Vinaingia."

"Mama," Haruomi alisema. "Acha."

"Vinaingia!"

"Havijanitosha tangu mwaka juzi." Alikuwa anauangalia mguu wake. "Nilijaribu. Nyinyi mlikuwa kazini, Nazuna yuko shule ya chekechea. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilishuka mpaka hapa nikavijaribu, vikakataa. Nikarudi juu."

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwa Mama. Nilimwona akihesabu asubuhi zote zile, mia na mia, akivigeuza viatu vya mtoto wa miaka kumi na saba vielekee mlangoni, huku juu kuna mtu aliyeendelea kukua gizani bila kupimwa na yeyote.

"Kila asubuhi nilikuwa nasikia unavyovigeuza," Haruomi alisema. "Sikujua nikuambie vipi."

Mama aliinama mpaka paji la uso likagusa goti la mwanawe, akabaki hivyo.

Ni Nazuna aliyeondoka. Tulisikia miguu yake ikikimbia kupita jikoni, mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo, akarudi amekumbatia zile kandambili kubwa za plastiki za kijani tunazovaa wote tukianika nguo. Akazipanga chini. Alizigeuza ncha zitazame nje.

"Hizi hazichagui mtu," alisema. "Twende, tutachelewa."

Ni mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka kwetu hadi mtaa wa maduka. Tulitumia arobaini. Alisimama mara nyingi, kila mara ameshika ukuta wa mtu. Kandambili zilipiga lami, chwa, chwa. Bi Kuroiwa wa nyumba ya kona alikuwa akimwagilia maua yake. Maji yaliendelea kumwagika mahali pamoja mpaka udongo ukafanya dimbwi. Kisha akainama kidogo, kama anavyotuinamia kila siku, akasema, "Joto hili, jamani!" Haruomi akajibu, "Ni kweli." Hayo tu. Sijawahi kumpenda mwanamke yule kama nilivyompenda pale.

Dukani walikaa meza ya pembeni, yeye ameelekea ukutani. Jasho lilimtoka mpaka shati la baba likabadilika rangi. Walishinda raundi ya kwanza. Ya pili walipambana na msichana wa darasa la tatu na baba yake, mtu mnene mwenye kucheka ovyo. Vizimwi wa Nazuna na Haruomi waliangushwa mmoja baada ya mwingine, joka la mawe likabaki na uhai wa kupumulia tu, na Nazuna akamwingiza Potaru.

"Ha! Kimulimuli!" yule baba alisema. "Bado kuna mtu anaye huyo?"

"Tunaye sisi," Haruomi alisema, bila kugeuka kutoka ukutani.

Potaru alipigwa. Mstari wa uhai wake ukashuka, ukashuka, ukasimama kwenye ncha nyembamba kama unywele. Hakuanguka. Zamu moja. Joka likapona nusu.

Walishindwa hata hivyo. Zamu nne baadaye yote yaliisha, na Nazuna alilia kwa hasira, na Haruomi alimwambia kwamba lile joka ndilo alilokosea kulihesabu, si Potaru. Potaru alifanya kazi yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nirudishe nyumbani." Nikamrudisha.

Alipanda chumbani moja kwa moja akalala. Lakini mlango hakuufunga wote. Aliacha uwazi wa kiasi cha kiganja, na upepo wa mtoni ukawa unaingia.

Jioni, jua bado liko dirishani, Mama alipiga simu. Alisimama wima, akainama mara tatu mbele ya simu ingawa hakuna aliyekuwa anamwona. "Samahani sana kwa usumbufu," alisema. "Kesho msije. Hapana. Hapana, si kuahirisha." Akalifuta lile duara la penseli kwa kidole alichokilowesha mate.

Kisha akavichukua vile viatu vyeusi, akavitazama nyayo, akavitia kwenye mfuko wa takataka za kuchomwa, zinazokusanywa Jumanne. Alibaki amesimama chini ya ngazi, kitambaa kibichi mkononi, hana cha kupangusa.

"Kozue," aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jina la jirani aliyekaa naye miaka. "Mguu wake ni saizi gani sasa?"

Sikujua. Nilimtazama Nazuna, naye hakujua.

"Sentimita ishirini na nane," sauti ilisema kutoka juu.

Mama alitafuta kalamu.